Bibi na Kimya kwenye Kona za Kyondo

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Limefika! Gari la umeme la Hajji Siraj limeingia Kasese saa nne asubuhi. Jeupe, limenona, halina hata bomba la moshi. Wazee wa pale stendi walilizunguka mara mbili wakitafuta mahali pa kutia petroli, mmoja akafungua kila kifuniko alichokiona. Nasif, mume wangu, alisimama kando amevuta tumbo ndani, utadhani amelizaa yeye.

Hajji akatuita kivulini, mimi na Nasif. Ndiye bosi wetu sote wawili. Mpaka jana alikuwa na magari mawili tu. La kwanza ni Bibi, gari langu — la petroli, magurudumu yote manne yanavuta, na umri wake unampita binti yetu Swabrah. Mwaka wa nne huu nampandisha Bibi milima ya Kyondo siku za soko, nimembeba Mama Kaswera wa Butembo na mabunda yake ya vitenge. Huyo ndiye mteja mkubwa wa Hajji. Gari la pili ni pikapu ya samaki: Kasenyi, Kahendero, sokoni, kesho tena. Niliiendesha miaka sita. Siku hizi anaiendesha Nasif.

Hukumu ya Hajji: "Tunajaribu wiki mbili. Hii ya umeme pia inavuta miguu yote ine. Jamidah na Bibi, Nasif na hii. Kona ya Kyondo ndiyo itasema, na Mama Kaswera ndiye jaji. Ikishinda hii, nauza Bibi. Ikishinda Bibi, hii inarudi Kampala kwa wenyewe. Dereva mwenye anabaki bila gari, anaenda kwa samaki."

Mpwa wake atabeba samaki kwa hizo wiki mbili. Baada ya hapo ni mmoja wetu. Mimi au baba watoto.

Nasif akanipigia saluti njia nzima mpaka nyumbani Bwera. "Afande, umeanza kusahau harufu ya ngege? Itakukumbusha."

Nilicheka. Lakini sikufurahi. Miaka sita nilikaa peke yangu kwenye benchi la mkutano wa wazazi shuleni kwa Swabrah, kwa sababu ya harufu ya hao samaki. Siendi tena kule. Siendi! Naandika haya kwa Kiswahili nilichojifunza kwa shangazi Tanga, maana Nasif anakijua kile cha kambini tu, cha baba yake mwanajeshi. Kukisoma hana subira.


Jumanne, 7 Oktoba

Zamu ya Bibi. Mvua ya jana imeacha utelezi juu ya changarawe. Kutoka Kisinga kupanda Kyondo kuna kona kumi na saba, nazijua moja moja, kama watu. Ya tatu ni mwongo: inaonekana fupi kumbe inaendelea. Ya tisa haina msamaha, kushoto ni mlima, kulia ni migomba ya watu, chini kabisa.

Bibi na kona wana adabu zao. Unamshusha gia ya pili kabla ya kuingia. Anainama kidogo upande wa nje, shokapu zinalalamika, mabunda ya vitenge yanahama. Ukimkanyaga mafuta ya kutokea, anavuta pumzi kwanza — moja, mbili — ndipo magurudumu ya nyuma yanapopata habari kwamba yanatakiwa kusaidia. Lakini anasema kila kitu. Anaunguruma, ananung'unika, anajua kunionya. Mimi nasikia mwendo kwa sikio, sijui mara ya mwisho niliangalia mshale lini.

Mama Kaswera amesali rozari mbili mpaka juu, kama kawaida. Hajatapika ila mara moja, nje kabisa, kwa heshima.


Jumatano, 8 Oktoba

Zamu ya lile jeupe. Nimelipa jina: Kimya. Nasif hapendi. Anataka liitwe Jenerali.

Wamerudi saa kumi. Mama Kaswera ameshuka hapa kwetu kunywa chai, uso mkavu, mweupe wa raha. Nikamuuliza safari ilikuwaje.

"Mama Swabrah, mi niko na haya. Mu Bibi yako nasalaka rozari mbili mpaka Kyondo. Mu hii ya bwana yako nililala ku fumbo ya pili ya rozari ya kwanza. Nililala vile mutoto! Sasa Bikira Maria atanifikiria aje?"

"Na kutapika?"

"Nilisahau."

Nasif alikuwa anakula muwa, akatema makapi polepole ili nimwone vizuri anavyotabasamu. Kisha akaanza mhadhara. Betri imelazwa sakafuni, gari lote uzito uko chini, kwa hiyo haliinami. Injini mbili za umeme, moja mbele moja nyuma, ukigusa tu yote manne yamevuta. Hakuna gia. Hakuna kungoja. "Iko inashika kona, afande, kama imepigwa msumari."

Nikamuuliza huo msumari umepigwa na nani, maana yeye jana tu alishindwa kutundika saa ukutani. Mama Kaswera akacheka mpaka chai ikamwagika. Usiku sikula vizuri.


Alhamisi, 9 Oktoba — Sikukuu ya Uhuru

Ah! Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma. Mungu anisamehe, ni mume wangu.

Jua lilitoka asubuhi. Likitoka jua, wanawake wa mlimani hutandaza kahawa barabarani — pale kwenye kona hasa, ndipo penye upana. Huo ndio utaratibu: wanasikia gari linakuja tangu bondeni, wanakunja turubai, gari linapita, wanatandaza tena. Teopista wa kona ya sita anamjua Bibi kwa mlio. Tangu nikiwa kona ya tatu ameshakunja, ameshasimama na glasi ya maji ya Mama Kaswera.

Nasif akaja na Kimya. Kona ya sita. Kimya... kimya.

Nilikuta habari imeshateremka Kisinga kabla ya gari lenyewe. Alipita juu ya turubai zima. Namshukuru Mungu, hapakuwa na mtu wala mtoto wala mbuzi juu yake. Kahawa ikaruka mpaka kwenye migomba. Turubai likajifunga kwenye gurudumu la nyuma, akaliburuta kona nzima ya saba akiwa hajui, maana alikuwa anamweleza Mama Kaswera jinsi gari lisivyo na kelele.

Teopista mwenyewe nilimkuta barabarani, mikono kiunoni. "Mama Swabrah! Gari ya bwana yako inakuja kama mwizi! Yako inalia huko chini, mimi natoa kahawa, nakunywa hata maji. Hii naona tu iko juu ya kahawa! Sijasikia hata kitu!"

Niliegesha Bibi nikamsaidia kuokota. Tuliokota saa nzima. Nasif alikuwa amekwisha kuomba msamaha na kuahidi turubai jipya, alikunja mikono ya shati naye akachutama. Mwanamume mzima wa miaka arobaini na mitano, Jenerali, anaokota punje za kahawa moja moja. Nilimwambia anashika kahawa kama iliyopigwa msumari.

 Baadaye akasema, "Kwa hiyo nipige honi kila kona? Kumi na saba kwenda, kumi na saba kurudi? Watu watasema Nasif amerukwa."


Ijumaa, 10 Oktoba

Hajji amepata dawa. Baada ya swala amesema: honi ni ukorofi, weka kasida. Spika za Kimya ni kubwa, madirisha yafunguliwe, kila kona sauti iongezwe. "Ni thawabu na ni usalama."

Nasif akaenda. Kasida mlima mzima.

Kona ya pili watoto wakatoka mbio wakidhani ni Maulidi, wanauliza pilau iko wapi. Kona ya sita Teopista ametoka amejifunga lesu kichwani, amevua viatu, anauliza nani amekufa. Nasif akamwambia hakuna aliyekufa. Teopista akasema basi mbona mnatangaza? Kona ya kumi na mbili mzee mmoja alisimamisha gari akapanda, anataka kupelekwa msibani. Walimshusha Kyondo sokoni, amekasirika.

Mama Kaswera, Mkatoliki wa watu, ameshika rozari yake kati ya hayo yote: "Leo nimesali, ndiyo. Lakini sijui sala yangu imefika kwa nani."

Namwita Nasif sheikh wa kona. Swabrah naye amemwita hivyo wakati wa chakula, nikamkanya. Kidogo tu.


Jumapili, 12 Oktoba

Nitaandika ukweli hapa, sitausema mahali pengine.

Umeme wa Bwera ulikatika tangu jana. Hajji amepiga simu: Kimya aletwe Kasese achajiwe kwake. Nasif alikuwa amekwenda mazishi Kahendero kwa rafiki yake mvuvi. Hajji akasema, basi lete wewe, si una mikono?

Nikapewa kadi. Funguo zake ni kadi, unaiweka tu pale kati ya viti. Nikakaa. Sikujua kama limewaka! Nilikaa dakika nzima nikingoja ngurumo. Mkono wangu wa kushoto ukatafuta gia, ukashika hewa.

Nilipofika Kisinga nilitakiwa kunyoosha kwenda Kasese. Sikunyoosha. Nilipinda kushoto.

Kona ya kwanza niliogopa. Bila mlio sijui mwendo wangu. Niliingia na mwendo mwingi kuliko wowote niliowahi kuingia na Bibi, nikajua baada ya kutoka. Halikuinama! Mwili wangu ndio uliovutwa pembeni, gari lenyewe limelala chini, limetulia. Kona ya tatu, yule mwongo, nilikaza usukani katikati, na pua ikafuata mahali nilipotazama. Nikigusa kutoka, linatoka. Hakuna moja, mbili. Hakuna kuvuta pumzi.

Kwenye kona ya tano nilicheka kwa sauti, peke yangu, ndani ya gari la watu. Kona ya sita nikapiga honi ndogo ya adabu, Teopista akakunja turubai, akainama kuchungulia ni nani. Nilipunga mkono. Honi moja fupi! Hicho ndicho kilichomshinda sheikh.

Halafu kushuka. Hapo nikajifunza. Ukiondoa mguu kwenye pedali ya mwendo, gari lenyewe linajishika breki, na linarudisha chaji. Ukiondoa mapema, kabla ya kona, linashuka kwa upole ajabu. Lakini kwenye kona ya kumi nilichelewa, nikaondoa mguu ghafla katikati — wee! — likaserereka upande. Ni zito mno hilo, zito kuliko Bibi na mabunda yake yote. Likishaanza kuteleza halisikii la mtu. Magurudumu manne ya kuvuta yanasaidia kutoka kwenye kona, hayakuingizi. Kuingia ni wewe na tairi zako.

Na ndipo nikamwona Nasif wangu waziwazi. Ana miaka ishirini ya kuendesha pikapu zilizojaa samaki, za watu wengine kabla ya hii ya Hajji. Pikapu unaikimbiza mpaka ndani ya kona, ndipo unabana breki. Kimya hataki hivyo. Nasif analiendesha kama pikapu. Jua linamfichia tu, barabara ikiwa kavu. Siku ikinyesha...

Nilifika Kasese nimechelewa saa moja. Nikamwambia Hajji kulikuwa na ng'ombe barabarani.

Bibi yuko nje hapa, nimepita nikamgusa boneti. Najiona mwanamke mbaya. Lile gari ni bora. Kwenye kona ni bora, wala halihitaji kushindanishwa. Na nikisema hivyo, Jumapili ijayo nitakuwa nachagua ngege Kasenyi.


Jumatatu, 13 Oktoba

Nasif ameamka akaenda kuchukua gari. Amerudi mchana, amekula, amenitazama sana. "Afande, jana ulifika salama?"

Nimesema ndiyo.

"Sawasawa," akasema.


Jumanne, 14 Oktoba

Zamu ya Bibi. Rozari mbili. Mama Kaswera amesema Bibi ana moyo mzuri lakini kiuno chake kimechoka, kila viraji, yaani kila kona, anacheza. Nikasema hata wewe na mimi viuno vyetu, mama. Akakubali.

Siku nzima nimekuwa nikiondoa mguu mapema kabla ya kona, kwenye gari ambalo halijui nataka nini.


Alhamisi, 16 Oktoba

 Nitaandika tu.

Mvua ilianza saa sita. Nasif alikuwa anashuka na Mama Kaswera. Mimi nilikuwa Kisinga na Bibi, nangoja mizigo, natazama mlima umefunikwa na mawingu. Saa saba hawajafika. Saa saba na nusu. Nikawasha Bibi.

Niliwakuta kona ya tisa. Ile isiyo na msamaha. Kimya amesimama amekaa mshazari, gurudumu la mbele kushoto limeingia mtaroni, na baada ya mtaro ni migomba, halafu hakuna kitu. Nasif amesimama kwenye mvua, amelowa chapachapa, anatazama alama za tairi. Zimenyooka. Kona inapinda, alama zimenyooka.

"Nilibana breki," akasema. "Ikaenda tu."

Mama Kaswera alikuwa ameshashuka kwa miguu, rozari shingoni, viatu mkononi, mpaka kwa Teopista. Nilimkuta jikoni amefunikwa blanketi. "Mi sirudi mule! Hapana! Mi niko na batoto saba ku Butembo! Motokari yenye haiongee, unajua aje kama inakasirika? Narudilia Bibi. Vraiment, kweli kweli. Bibi anachezacheza lakini anaongea na mutu."

Tulifunga kamba. Bibi akamvuta Kimya mtaroni, akinguruma, moshi, matope mpaka kwenye kioo. Watu wa kona walipiga makofi, wengine walipiga mluzi.  Nasif alifungua kamba, akaikunja vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mgeni.

Basi Bibi ameshinda. Mama Kaswera ameshasema. Nimeshinda!

Kwa nini sifurahi hata kidogo?

Kwa sababu si gari. Najua si gari. Na yeye hajui, anafikiri amepewa kitu kizuri kikamshinda. Amekaa barazani tangu alasiri anasafisha viatu vilivyokwisha kuwa safi. Angeanguka. Angeanguka kweli, na mimi nilijua tangu Jumapili nikanyamaza kwa sababu ya samaki.

Nimekwenda nikakaa karibu naye. Nikasema, Baba Swabrah, yale magari ya umeme, ukiondoa mguu yanajishika breki yenyewe. Ondoa kabla ya kona. Usiguse breki ndani ya kona. Na kwenye matope, kwenye skrini kuna mahali pa kupunguza ule mshiko, uwe mdogo. Ingia polepole, halafu gusa kidogo, litakutoa.

Akaendelea kusugua kiatu. "Umejuaje, wewe?"

"Nimesoma kwenye simu."

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza leo. "Simu yako ina akili. Sawa, afande."


Ijumaa, 17 Oktoba

Hajji ametoka Kasese mwenyewe. Amesema hauzi gari wala harudishi gari kwa ajili ya mtaro mmoja. Kesho ni ya mwisho. Yeye na Mama Kaswera watapanda Kyondo kwa gari moja, watashuka kwa jingine, mvua au jua. Mama Kaswera amekataa mara tatu, akakubali mara ya nne alipoahidiwa atashuka popote akitaka.

Nasif amekwenda kufanya mazoezi asubuhi, kona za chini tu. Nilimtazama nikiwa Kisinga dukani. Anaondoa mguu mapema — vizuri! — halafu kona inakuja, na mguu unaruka kwenye breki wenyewe. Miaka ishirini iko ndani ya ule mguu. Amerudia mara nane. Mara ya nane aliegesha, akakaa ndani ameshika usukani kwa mikono miwili.

Sikumtania leo. Hata yeye amelitambua hilo. "Unaumwa?"


Jumamosi, 18 Oktoba

Saa tano na robo. Naandika nikiwa ndani ya Bibi, kona ya nane, tumesimama. Mvua inapiga bati la Bibi, sisikii kitu kingine. Daftari liko juu ya usukani.

Kupanda tulipanda nami. Hajji mbele, Mama Kaswera nyuma. Bibi alijitahidi, maskini. Kona ya tatu alichezesha mkia kidogo, nikamrudisha, Hajji akashika mlango kwa mikono miwili akasema ni kwa ajili ya mkoba wake usianguke. Mkoba ulikuwa chini. Nasif alitufuata peke yake na Kimya.

Kyondo juu tulikunywa chai ya tangawizi, mvua ikazidi badala ya kupungua. Hajji akasema twende, inatosha. Wakahamia kwa Kimya. Mama Kaswera alifunga mkanda, halafu akafunga na wa katikati. Wao mbele, mimi nyuma yao.

Kona ya kumi na saba, taa nyekundu za breki ndani ya kona. Kumi na sita, vivyo hivyo, na mkia ukahama. Kumi na tano. Nilikuwa napiga kelele peke yangu ndani ya Bibi: ondoa mapema! Mapema, mume wangu! Kumi na nne alipata, nikapiga makofi. Kumi na tatu akakosa. Tisa alipita kwa mwendo wa mtu anayebeba yai, na alipoimaliza, hapa kwenye ya nane, akaegesha pembeni. Akawasha taa za hatari. Basi.

Dakika tano sasa. Kioo chao cha nyuma kimejaa ukungu. Naona mkono wa Hajji unarukaruka, anasema kitu. Mama Kaswera amegeuka ananitazama kupitia ukungu, amefuta duara dogo kwa kiganja. Nilidhani mmoja wao anatapika. Nimetoa daftari ili nisimkimbilie Nasif mbele ya bosi wake.

Anashuka.

Anakuja kwangu. Hana mwavuli. Anatembea polepole katikati ya barabara kama vile hainyeshi.

Nimeteremsha kioo kidogo. Nitaandika alivyosema, kama alivyosema.

"Chukua kadi. Shusha wewe ile. Mimi nitakuja na Bibi."

Nimesema, umerukwa? Hajji anaona.

"Hajji nimemwambia. Nimemwambia hii gari haina shida, shida ni mguu yangu. Nikamwambia kuko dereva wake."

"Dereva gani?"

"Afande. Jumapili ile, ukapanda, ukashuka. Iko yote kwa skrini — saa, kilometa, na chaji. Ulitumia chaji nusu ya yangu. Nusu! Kona zote kumi na saba. Niliona Jumatatu asubuhi."

Alijua! Tangu Jumatatu. Alijua wakati nasema ndiyo, nilifika salama. Alijua nilipomwambia nimesoma kwenye simu, alikaa pale anasugua kiatu, anajua! Wiki nzima huyu mtu ananitazama ninavyodanganya, na ananiita afande.

Nikamwambia unaelewa nikilishusha hilo vizuri itakuwaje? Mama Kaswera atasema ndiyo. Hajji atalibakiza. Bibi atauzwa. Na wewe—

"Mimi samaki nimezoea," akasema. "Watu wa Kahendero ni wangu. Wewe hukuzoea hata siku moja. Miaka sita, mimi si nilikuwa nakuona?"

  Nimemwambia asubiri, kuna kitu namalizia kuandika. Anauliza naandika nini kwenye mvua hii. Nimesema hesabu ya kilometa. Anasema basi andika yote, usiache ya Jumapili.

Nalitaka lile gari. Nalitaka mpaka mikono inawasha. Na namtaka huyu mjinga asiloweshwe na mvua, asinuke samaki, asiwe mwema hivi mbele ya watu.

Hajji amepiga honi. Nasif hajageuka. Ameingiza kadi kwenye ufa wa kioo, ameishika kwa vidole viwili, haiachii mpaka nifunge daftari, na mimi nimeshaishika upande wangu.